Kinga Imbwa!

Iko watu wanaua na mukuki, iko wengine wanaua na sumu. Mi niliua na neno moja, tena neno muzuri, neno ya dawa, yenye ilikuwa imeandikwa ku karatasi safi. Nilipita nayo ku vilima ya Kanama nikiimba, na watu wakapiga makofi.

Mi ni mutoto ya Kisenyi, ya kule chini karibu na ziwa. Mama yangu anauza samaki. Masomo nilisoma Nyundo mupaka mwaka ya tano, kiisha wakanifukuza sababu nilijua kukohoa sawa mwalimu mukubwa, na siku moja nilikohoa yeye akiwa nyuma yangu. Nikarudi mujini na Kifaransa ya kuomba ruhusa ya kukojoa, na sauti. Ile sauti ndiyo ilinipatia kazi. Teritwari, ile ofisi ya serikali ya Wabeligiji, walikuwa wanatafuta mutu ya kupiga mbiu, wakanipa kofia na bomba ya bati, mudomo kidogo huku, mudomo kubwa kule. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa. Nilitembea sawa gavana, hata wakati nilikuwa natangaza kodi ya choo.

Mambo ilianza siku ya soko, asubuhi, jua imetoka vizuri. Imbwa moja ilishuka na barabara ya Nyundo, kichwa chini, mate inaning'inia sawa kamba. Watu walifikiri ni njaa. Ikashika mbuzi moja ku sikio, ikavuta, sikio ikabaki ndani ya meno, na ile mbuzi ikalia sawa mwanamuke ya kuzaa. Kiisha ikaenda ku muvuvi moja mwenye alikuwa anashusha kitunga yake. Ikamushika nyuma ya muguu, ikaning'inia pale. Alipiga na kitunga, alipiga na ngumi, samaki zikamwagika, imbwa haikuachia.

Fundi ya cherehani alikuwa pale ku baraza. Ni Mwislamu ya kweli, imbwa ikipita karibu yake anakunja kanzu. Siku ile alikamata pasi yake, imejaa makaa ya moto, akaitupa. Ikafunguka juu ya mugongo ya imbwa. Imbwa iliachia muvuvi, ikageuka, ikauma ile pasi. Mi niliona na macho yangu: chuma inaunguza ulimi, moshi inatoka puani, na bado inauma. Ndipo watu wakafika na mawe na mitwangio. Walipiga mupaka haikuwa tena imbwa, ilikuwa kitu ya kukusanya na jembe.

Muvuvi alicheka. Alienda akanawa kidonda ku ziwa, akatia tumbako, akasema imbwa ile ilikuwa na meno ya bibi yake. Wiki zikapita, kidonda ikakauka. Kiisha siku moja wakamuleta ku dispanseri amefungwa ku muti sawa nguruwe. Mutu ya ziwa, mutu alizaliwa ndani ya mutumbwi, alikuwa anaogopa maji. Ukimuonyesha kikombe, shingo inaruka, koo inafunga, anajiuma mukono mwenyewe. Tulimushika watu ine. Mi nilikuwa ku miguu. Kuna dakika moja akili ilirudi, akanitazama, akasema, "Unisamehe, kijana, nimekupiga teke." Nikamuambia si kitu, baba. Kiisha akaruka aniume ku uso. Alikufa kabla ya saa sita, na kamba bado iko ku mikono.

Basi, ndipo munganga ya nyama, ile ya kutibu ng'ombe na imbwa, akaniita. Alikuwa Mubeligiji ya nywele nyekundu, mikono yake yote imejaa alama ya meno na kucha, sawa kitabu ya hesabu. Swahili yake ilikuwa ya kitabu, safi kuliko yetu. Alinipa karatasi, akanisomea na kidole:

"Kila mwenye mbwa au paka amlete kwenye uwanja wa soko wa Kanama, siku ya tatu asubuhi, apigwe sindano. Dawa hiyo itamkinga na kichaa. Mbwa aliyekingwa atafungwa medali shingoni. Siku ya nne, mbwa asiye na medali atapigwa risasi."

"Bon," akasema. "Utasema yote, neno kwa neno. Na mlimani utasema kwa Kinyarwanda."

"Neno kwa neno, Bwana."

Ku kilima ya kwanza nilisoma yote. Ku kilima ya pili, pumzi ikapunguka. Mumewahi kupanda Kanama na bomba ya bati ku mabega? Viazi huku, maharage kule, njia inasimama sawa ngazi. Ile "kila mwenye" na "apigwe" ikaanza kunichosha. Na Kinyarwanda, mi nimezaliwa nayo, lakini nani anapiga mbiu na lugha ya nyumbani? Mutu ya mujini anapiga na Swahili. Wale wa kilima wakisikia Swahili wanajua Teritwari imefika. Ku kilima ya tatu nikatengeneza wimbo:

"Siku ya tatu, kinga imbwa! Kinga na paka! Yenye haikingwe, bunduki, paa!"

Eeh, ilikuwa muzuri sana. Ku ile "paa" nilikuwa naruka. Watoto walinifuata wakiimba, wamama wakasimamisha jembe. Hakuna mutu aliniuliza kitu. Nilifika mupaka kwa mujomba yangu, kaka ya mama, mwenye alinilea baba yangu alipokufa. Alikuwa chini ndani ya viazi yake, akanipungia mukono.

"Nimesikia, mupwa! Hiyo sauti wanaisikia mupaka Congo!"

"Utakinga, mujomba?"

"Nitakinga! Niko na imbwa ngapi ya kucheza nayo?"

Alikuwa nayo moja. Ilikuwa nyekundu, masikio imepasuka na vita ya nguruwe ya pori, na jina yake siandike hapa, sababu ni jina ya mukubwa moja ya kule na yeye bado anaishi. Ile imbwa ndiyo ilikuwa chakula ya ile nyumba. Mwaka moja kabla ya ile, wakati mujomba alikuwa bila imbwa, nguruwe zilishuka toka musitu, na siku mbili tu zikageuza shamba yote. Walikula majani ya maboga miezi mitatu, na mutoto yake mudogo tumbo ikavimba. Toka imbwa ifike, hakuna nguruwe ilivuka mutaro.

Siku ya tatu tulipanga meza ku soko. Shindano, ile munganga anaita sindano, zilikuwa zinachemka ndani ya sufuria, medayi ya bati zimepangwa ku kamba, munganga amevaa aproni ya ngozi. Tukangoja. Ilikuja imbwa ya shoferi ya kamyo. Ilikuja imbwa ya infirmier, muuguzi ya dispanseri. Kiisha akapanda fundi ya cherehani toka mujini, na kitunga imefunikwa, ndani iko paka yake, sababu toka ile siku ya pasi alikuwa haamini tena nyama hata moja. Munganga akafunika kitunga na gunia, akaingiza mukono pole pole. Paka ilipanda na ule mukono mupaka ku kiwiko, ikashuka ku mugongo, ikaacha mistari ya damu. Fundi akasema, "Pole, Bwana. Nyumbani haiko hivi, nyumbani inapasua mapazia tu." Shindano iliingia. Ni kitu kidogo, mutu anahesabu moja, mbili, imekwisha.

Hao ndio wote.

Tulikaa mupaka saa saba. Toka vilima yote tulikuwa tunasikia imbwa zinalia, huku na kule, lakini sauti ilikuwa ya kufunikwa, sawa inatoka ndani ya chungu. Mi nilisikia na sikufikiri kitu.

"Watu wako ni wagumu," munganga akasema.

"Ni wagumu, Bwana. Ndiyo vile walivyo, watu ya kilima."

Nilisema hivyo. Mudomo yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikatangulia mbele ya mapulisi wawili na bunduki zao. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama moja mujane, juu ya barabara. Nikapiga bomba: "Mama, imbwa iko wapi?" Akatoka anacheka, anafuta mikono ku kitenge.

"Iko ndani, mutoto wangu. Nimeikinga toka juzi. Hata kukojoa haijatoka."

Akafungua mulango kutuonyesha. Imbwa ikatoka mbio, mukia inapiga huku na kule, inafurahia jua. Pulisi ya mbele alipiga. Risasi iliingia ku tumbo, ikatoka na matumbo. Ikajikokota na miguu ya mbele, inarudi kwa mwenyewe, inamuomba. Pulisi ya pili akamaliza ku kichwa. Damu ikaruka ku kitenge na ku shavu ya yule mama.

Yeye hakulia. Alikamata mulango. Akaifunga, akaifungua, akaifunga, paa, paa, ananitazama.

"Si nimekinga! We ulisema nikinge! Nimekinga! Nikinge zaidi namna gani?"

Ndipo ikaniingia. Kwa Kinyarwanda, gukinga ni kufunga mulango. Mama yako akisema "kinga", unasimama unafunga, baridi isiingie. Mi nilipita kilima kwa kilima nikiwaambia watu wafungie imbwa ndani sababu bunduki inakuja. Na wao wakanisikia vizuri kabisa. Walifanya neno kwa neno.

Lugha mbili ndani ya kichwa moja ni sawa majirani wawili wenye hawasalimiane. Wakati Swahili iko inasema, Kinyarwanda ilikuwa imelala. Sasa imeamka, iko pale na damu ku shavu.

"Ngoja," nikaambia pulisi. "Iko makosa."

"Makosa ya nani?"

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikasema, "Ya lugha."

"Lugha haina medayi," akajibu, akatia risasi ingine.

Tukaendelea. Nyumba ya pili walifungua wenyewe. Ya tatu, imbwa ilijificha chini ya kitanda, pulisi akapiga mule mule, risasi ikapita ndani ya imbwa na ndani ya mutungi, pombe ya ndizi na damu zikatoka pamoja ku mulango, kuku zikaanza kunywa. Ya ine, muzee moja alisimama mbele ya kufuli na fimbo, wakamupiga na kitako ya bunduki, jino ikaanguka. Na kila nyumba walisema neno ile ile: tumekinga. Wengine walinisemea kwa heshima, wakifikiri nitawatetea. "Muambie, kijana, wewe ulitutangazia." Nikaona sasa wanapanda kwenda upande wa mujomba. Nikatupa kofia, nikakimbia, nikapita ndani ya migomba, bomba inanipiga ku mugongo.

Mujomba alikuwa anakaa ku muti kubwa yenye aliweka mbele ya mulango ya jikoni. Ndani imbwa ilikuwa inapasua ukuta na kucha.

"Mujomba, fungua!"

"Bunduki imepita?"

"Inakuja!"

"Basi sababu ya nini nifungue? We si mwenyewe ulisema?"

"Mujomba, kinga yangu haikuwa kinga yako."

"Umelewa, mupwa?"

"Ilikuwa kinga ya Swahili. Ilikuwa shindano. Mulipaswa kuleta imbwa ku soko, ichomwe dawa, ipate kibati ku shingo. Yenye haina kibati, inakufa. Ilikuwa ku karatasi yote. Mi nilikata."

"Ulikata nini?"

"Maneno. Ilikuwa mingi."

Alisimama pole pole. Mujomba ni mutu mufupi. Alikamata mupini ya jembe, akanipiga ku mabega, nikapiga magoti. "Hii ni ya imbwa ya watu." Akapiga ingine ku mbavu, pumzi ikakatika. "Hii ni ya yangu, ikikufa." Bunduki ikalia ku nyumba ya jirani. Akatupa mupini, tukasukuma ule muti pamoja.

Mawazo yangu ilikuwa kuifunga kamba na kukimbia nayo mupaka ku barabara, munganga aichome kabla pulisi hawajafika. Mawazo muzuri. Lakini ile imbwa ilikuwa imefungwa siku mbili ku moshi, imepindua chungu ya maji, imekauka, mate nyeupe ku mudomo, macho nyekundu. Mulango ulipofunguka, kitu ya kwanza iliona ni mi. Iliruka. Nikaweka mukono mbele ya koo, na ikauchukua. Meno ya juu ikakutana na ya chini. Nilisikia mufupa. Nilianguka nayo juu yangu, inatikisa kichwa vile inatikisa nguruwe, na mi nalia mama, mama, mutu ya miaka kumi na tisa.

Ku mutaro watu walikuwa wamefika, yule mujane mbele, wengine nyuma na majembe. Walikuwa wamefuata pulisi toka nyumba kwa nyumba.

"Mate! Muone mate! Iko na wazimu!"

"Ua! Ua yote mbili, imbwa na mupiga mbiu!"

Mujomba alitupa mukeka juu ya imbwa, akalala juu yake na mwili yote, akafunga mudomo yake na kamba ya mbuzi. Pulisi akafika, akainua bunduki.

"Toka hapo, muzee."

"Piga. Utatupata wote wawili, utaandika ku karatasi yako imbwa mbili."

Mukono moja yangu ilikuwa nyama tu, lakini ingine ilikuwa nzima. Nikakamata bomba, nikageukia barabara kule chini, gari ya munganga, kamioneti yake, ilikuwa inaonekana sawa sanduku ya kiberiti, nikalia na Kifaransa yote niliyokuwa nayo. Ilikuwa "monsieur" na "s'il vous plaît", ya kuomba kukojoa. Nililia hiyo mara nyingi sana. Kamioneti ikafungua mulango.

Alipanda anahema, nywele imeshikamana na uso. Alitazama mukono yangu, alitazama mukeka unapumua.

"Usipige," akaambia pulisi. "Mbwa aliyeuma mtu hauawi. Hachanjwi pia. Anafungwa siku kumi. Akiwa mgonjwa, atakufa ndani ya siku hizo, na huyu kijana atapigwa sindano za tumbo, nyingi, kila siku moja. Akiwa mzima siku ya kumi, hana kichaa, wala kijana hana. Mkimuua leo hatutajua kitu."

"Na akifa, shindano inaponya?" nikauliza.

"Mara nyingi."

Nikawaza muvuvi. Kiisha nikamuambia munganga ile ya wimbo. Nikamuimbia hata, kidogo, bila kuruka. Alinisikiliza mupaka mwisho, akanipiga kofi moja, kofia yake mwenyewe ikaanguka. Kiisha akawaambia mapulisi warudi. Akasema iko siku ingine ya shindano, wiki ijayo, na nitapita tena ku kila kilima, na Kinyarwanda, na mukono kama uko au hauko.

Nilipita. Ku kilima ya kwanza walinitupia viazi, ku ya pili walikuwa wamefikiri vizuri, walitupa mawe. Nilisema yote, hata neno moja sikukata: muilete, ichomwe, ipewe medayi, muirudishe. Wakati jiwe inakuja nainama, kiisha naendelea pale nilipoachia. Na siku ilipofika, imbwa zilizobaki zilikuja, na kamba, na vitunga, moja ku mugongo ya mwenyewe sawa mutoto. Munganga alichoma mupaka shindano zikaanza kupinda.

Lakini ile yetu ilikuwa jikoni, imefungwa ku nguzo, na mi nalala ku mulango na mukuki ya mujomba. Sababu watu hawakuamini habari ya siku kumi. Walisema imbwa ya mupiga mbiu ndiyo imebaki, yao zimeoza. Siku ya tatu ya zile kumi walikuja mchana, watu kama kumi, yule mujane mbele.

"Toka hapo, we mudomo! Hiyo imbwa imeuma mutu."

"Imeniuma mi, mama. Mi silalamiki."

"Yangu iliuma nani? Eeh? Yangu ilikosa nini?"

Nikasimama ku mulango na mukuki. Jembe moja ikapita karibu na kichwa yangu, ikaingia ku bomba ya bati, ikaipasua mara mbili. Mujomba akatoka na panga, akapiga mutu moja ku bega na upande ya butu, yule akaanguka ndani ya maboga. Jiwe ikampata mujomba juu ya jicho, ngozi ikafunguka, damu ikamufunika uso, naye anaendelea kuzungusha panga bila kuona kitu, hata mi nikakimbia. Wakarudi nyuma. Mujane alikuwa wa mwisho kuondoka.

Kila asubuhi nilikuwa nafanya kazi mbili. Natazama kama imbwa inakunywa, kiisha nakunywa mi, kikombe yote, nasikiliza koo yangu. Ikipita, nakaa. Siku ya sita maji ilinipitia vibaya, nikakohoa, nikakimbia shambani nalia sawa mutoto, mujomba akanikuta pale ndani ya viazi. "Inywe pole pole, mujinga," akasema, akarudi.

Siku ya tisa imbwa haikugusa chakula. Niliweka viazi, niliweka mufupa, ikageuza kichwa. Nikarudisha mukuki ku ukuta. Niliwaza zile shindano za tumbo. Niliwaza kamba ya muvuvi. Nikaenda kwa mujomba, nikamuambia, mujomba, imekwisha, haikuli. Alikuwa anapaka dawa ku jicho.

"Itakula namna gani? Nimeipa sungura muzima asubuhi."

"Na hukuniambia!"

"Maneno ilikuwa mingi," akajibu.

Siku ya kumi munganga alipanda na sanduku yake. Akatazama macho, akatazama ulimi, akaitembeza ku uwanja. Imbwa ikanusa kiatu yake, ikaikojolea. "Mzima," akasema. Akaichoma pale pale, ku ngozi ya mabega, moja, mbili, imekwisha. Akafunga medayi ku shingo. Mujomba aliishika ile bati, akaigeuza, akaipiga na kucha isikike.

"Na huyu?" akauliza, ananionyesha na kidevu.

"Huyo hahitaji kitu. Amepona."

"Munganga, umuchome tu. Hata ya maji."

Nilicheka mi wa kwanza. Sikuwa nimecheka siku kumi, meno yangu ilishangaa baridi. Na wakati nacheka hivyo, mudomo wazi, mujane akaingia ku uwanja. Alikuwa peke yake, na fimbo ya mukaratusi mukononi. Hakutazama munganga. Alitazama imbwa, alitazama ile bati inang'aa. Kiisha akanikaribia.

Ningeweza kukimbia. Niko na mbio. Nilisimama.

Alinipiga moja tu, ku sikio, na nguvu yote ya mutu mwenye analima toka utoto. Dunia ikageuka, nikajikuta nimekaa chini, damu moto inashuka ndani ya shati, na kengele kubwa inalia kichwani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, mama," nikasema. "Lakini na sikio moja."

Akainua fimbo tena, ya sikio ingine.